Kompyuta ya nyumbani kijijini: iwe ndogo, iwe kimya, na daftari lisitupwe



Msimu wa korosho ukifungwa na malipo ya minada yakishaingia, maswali ninayoulizwa hapa Namasakata hubadilika. Kabla ya hapo ni salfa, ubwiriunga na bei. Baada ya hapo mtu ananisimamisha njiani: "Bwana shamba, nataka kompyuta ya nyumbani. Ninunue ipi?" Anayeuliza huwa ni mwenye duka, katibu wa kikundi cha hisa, au mzazi mwenye watoto wa sekondari. Wengi wameshaonyeshwa mjini boksi kubwa lenye taa na wameshalipenda.

Leo natoa maoni yangu, na nayatoa kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Kompyuta inayofaa nyumba ya kijijini ni ndogo, haina kelele, inakula umeme kidogo, na haiachwi hata siku moja kuwa mahali pekee penye kumbukumbu zako. Ukiyashika hayo manne, fedha kidogo itakutosha. Ukiyaacha, hata fedha nyingi itapotea.

Nilivyopoteza madeni ya duka

Miaka michache iliyopita nilinunua kompyuta ya mtumba, lile boksi la kusimama ambalo wengi wanaliita sipiyu, pamoja na kioo chake cha chogo. Bei ilikuwa rahisi na nikajiona mjanja. Nyumbani tuliiweka sebuleni, na sebule ndiyo chumba wanacholala watoto wawili. Feni lake lilivuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikiwasha saa mbili usiku watoto walilalamika, nikizima kazi ililala. LUKU nayo ikaanza kuisha kabla ya mwezi kuisha.

Mama watoto ana duka dogo. Nikamshauri aache daftari la mikopo, tuingize majina yote kwenye kompyuta. Ni mimi niliyesema hivyo, si mwingine. Miezi minne tulikwenda vizuri. Kisha usiku mmoja wa Februari radi ikapiga, umeme ukakatika na kurudi mara tatu, na asubuhi mashine haikuwaka. Fundi aliifungua akaniambia diski imekufa na hawezi kutoa kitu.

Madeni yaliyokuwa mle yalizidi laki nne. Wateja wengine walikuja wenyewe wakasema, "Mama, mimi unanidai kiasi fulani," Mungu awabariki. Wengine walisema wanakumbuka walishalipa. Huwezi kubishana na mtu wakati huna maandishi. Mama watoto hakunigombeza. Aliniambia jambo moja tu: "Unawafundisha watu kutunza mbegu ya msimu ujao. Sisi mbegu tuliila yote." Tangu siku hiyo neno nakala kwangu lina maana ya mbegu.

Kwa nini ndogo: piga hesabu ya umeme

Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza kompyuta ina kasi gani, uliza inakula wati ngapi. Ng'ombe wa kukokota jembe tunamchagua kwa nguvu zake, lakini pia kwa chakula chake.

Boksi la zamani pamoja na kioo cha chogo linaweza kula wati 150. Ukiliwasha saa 6 kwa siku ni wati-saa 900, karibu uniti moja. Kwa siku 30 ni uniti 27. Kompyuta ndogo ninayokwambia hapa, ikifanya kazi za kawaida kama kuandika na kupiga hesabu, hula wati 10 mpaka 20. Weka 15, ongeza kioo bapa cha wati 20, jumla 35. Kwa saa zile zile 6 ni uniti 6 na kitu kidogo kwa mwezi.

Sasa angalia mfukoni. Kwa bei zilizopangwa tangu mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Tuseme nyumba yako tayari inatumia uniti 60. Ukiongeza boksi kubwa unafika 87. Uniti 15 za kwanza ni shilingi 1,500, na 12 zilizovuka ni shilingi 4,200. Jumla 5,700 kila mwezi kwa ajili ya kompyuta tu. Ukiongeza ile ndogo unafika 66, hujavuka, na umelipa kama shilingi 630. Tofauti ni karibu mara tisa, na kazi iliyofanyika ni ile ile.

Kwa wenye sola hesabu ni kali zaidi. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na Ah 50 ina wati-saa 600. Ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Boksi kubwa kwa saa 4 linamaliza 600 zote na kuua betri. Ile ndogo kwa saa 4 inatumia 140, na taa zako zinabaki kuwaka. Inveta nayo hula kidogo, kwa hiyo usiache hesabu yako ibane sana.

Kwa nini kimya: feni ni mdomo wa vumbi

Wengine hudhani ukimya ni anasa ya watu wa mjini. Hapana. Kelele ya kompyuta ni sauti ya feni, na feni linavuma kwa sababu ndani kuna joto. Kila linapovuta hewa linavuta pia vumbi letu jekundu la kiangazi. Vumbi linaziba njia za hewa, joto linapanda, feni linavuma zaidi, na linavuta vumbi zaidi. Ndiyo mwanzo wa mashine kujizima yenyewe katikati ya kazi.

Kompyuta inayokula wati chache ina joto kidogo, feni lake ni dogo na linazunguka taratibu. Watoto wanalala, wewe unapiga hesabu za duka usiku, na mashine inaishi. Ukimya ni dalili ya afya, kama kuku anayekula vizuri na kutulia.

Kuna kitu cha pili kinachopiga kelele: diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Hiyo inachoka, na ikitikiswa inapowaka inaharibika. Badala yake weka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Haina sauti, inakula umeme kidogo, na inafanya kompyuta ya zamani iwake haraka. Kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha hicho.

Ipi hasa ununue

Tafuta kompyuta ndogo za ofisi za mtumba. Makampuni na ofisi za Ulaya na Marekani huzitumia miaka michache, wanabadilisha, nazo zinafika kwenye maduka ya miji yetu. Majina ya kuuliza ni Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au ProDesk Mini, na Lenovo ThinkCentre Tiny. Ni kasha la chuma la kama sentimita 18 kwa 18, unene sentimita 3 na nusu. Linakaa nyuma ya kioo au juu ya rafu ya duka. Adapta yake iko nje, kama ya laptopu.

Mambo ya kuangalia:

1. Prosesa. Ukisoma i5-6500T, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ni kizazi. Ile T ya mwisho ina maana imetengenezwa kula umeme kidogo. Tafuta yenye T.

2. Windows au Linux. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 au zaidi kwa prosesa za Intel. Kama fedha inafika kizazi cha 8, vizuri. Kama haifiki, nunua cha 6 au cha 7 kisha uwekewe Linux Mint, ambayo ni bure kisheria. Ndani yake kuna LibreOffice ya kuandika barua na kupiga hesabu za majedwali, nayo ni bure. Mimi ndiyo ninayotumia.

3. RAM. GB 8 zinatosha kuanzia. Nyingi ya kompyuta hizi zina nafasi mbili za RAM. Omba GB 8 iwe kipande kimoja, ili nafasi moja ibaki wazi kwa siku za mbele.

4. Tundu za nyuma. Nyingi zina tundu za DisplayPort, na kioo cha mtumba mara nyingi kina VGA au HDMI. Usiondoke dukani bila waya unaounganisha hivyo viwili. Nauli ya kurudi mjini inazidi bei ya waya.

5. Adapta. Iwe ya aina ile ile ya kompyuta, yenye wati zilizoandikwa. Baadhi ya mashine zikiwekewa adapta zisiyoitambua hupunguza kasi zenyewe, na mwenyewe ukadhani umeuziwa kitu kibovu.

6. Intaneti. Nyingine hazina waifai. Usihangaike: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti kwenye simu, na kompyuta itaingia mtandaoni.

Ukifika dukani usiwe na haraka. Iwashe, cheza video kwa dakika 15, sogeza sikio usikilize feni. Mwambie muuzaji aifungue uone vumbi. Izime, ichomoe, subiri kidogo, iwashe tena: kama saa na tarehe vimerudi nyuma, kibetri cha mviringo kimekwisha. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Ikidai nywila kabla haijaanza kuwaka, iache hapo hapo.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 2012 na inayokaa kiganjani. Ni kitu kizuri, na hapa Tanzania imeshafanya kazi: shirika la Powering Potential limezitumia pamoja na umeme wa jua kwenye shule za sekondari za vijijini. Hilo linatuonyesha kwamba kompyuta ya wati chache inaweza kuishi mbali na mji. Lakini shule zile zilikuwa na wataalamu nyuma yao. Kwa nyumba moja hapa kwetu, naona kasha la ofisi linafaa zaidi, kwa sababu RAM yake na SSD yake ni zile zile za laptopu, na fundi wa mjini anazifahamu.

Jenga kama unavyojenga nyumba

Hakuna mtu kijijini anayejenga nyumba kwa siku moja. Unaweka msingi, unapandisha boma, unasubiri msimu, unaezeka. Fanya hivyo hivyo.

Msimu wa kwanza nunua kasha, kibodi na mausi, na uhakikishe ndani kuna SSD. Kwa kioo, anza na televisheni bapa uliyonayo kama ina tundu la HDMI. Maandishi hayatakuwa makali sana, ila kazi itafanyika. Msimu wa pili nunua kioo chake chenyewe ili watoto waangalie mpira na wewe ufanye hesabu bila ugomvi. Msimu wa tatu ongeza RAM au printa ndogo, kama kweli kuna wateja wa kuchapisha.

Mara ya pili mimi nililipa hivi: kasha shilingi 320,000, SSD 60,000, kioo cha mtumba cha inchi 19 shilingi 90,000, kibodi na mausi 20,000. Jumla 490,000. Bei zako zitakuwa tofauti, kwa hiyo geuza fedha iwe mazao. Kama korosho umeuza shilingi 2,500 kwa kilo, hizo ni kilo 196. Jiulize: hii mashine itanirudishia kilo 196 kwa njia gani?

Kwa nyumba yangu majibu yalikuwa haya. Duka linajua nani anadaiwa na bidhaa ipi haitoki. Mashamba yana jedwali la siku ya kupulizia, kiasi cha salfa na kilo zilizopimwa, ili karatasi ya malipo ikija tulinganishe na zetu. Watoto wanasoma vitabu vya Taasisi ya Elimu kwenye maktaba yake ya mtandaoni na kufanya mitihani ya miaka iliyopita. Majirani wanakuja kuandikiwa barua, mihtasari ya vikao na fomu za mikopo ya vyuo. Jumapili jioni tunaangalia filamu. Kasha moja, kazi tano. Usipopata majibu angalau mawili ya namna hiyo, fedha yako inunue mabati.

Kwa wanaosema simu inatosha

Wana haki, kwa sehemu. Kama kumbukumbu zako ni za mashamba mawili na mbuzi watano, simu na daftari vinatosha kabisa, na mimi sitakushawishi. Ila katibu wa kikundi chenye wanachama 30 akiandika hisa na mikopo kwenye kioo cha inchi 6 atakosea, na kosa lake ni fedha ya watu. Tena simu inaibiwa, inaanguka mtoni, inauzwa siku ya shida.

Wengine wanataka laptopu kwa sababu ina betri. Ni hoja nzuri kwa mtu anayesafiri. Lakini laptopu ya mtumba mara nyingi betri yake imechoka, na kibodi au kioo kikiharibika mashine nzima inalala. Kwenye kasha dogo, kibodi ikifa unanunua kibodi tu.

Na nasema wazi: kama leo huandiki kwenye daftari, usinunue kompyuta. Kompyuta haimfundishi mtu kuandika. Andika daftari miezi mitatu mfululizo, bila kuruka siku, kisha njoo tuzungumze.

Mbegu: nakala tatu

Hili ndilo la kushika kuliko yote niliyosema. Kila kumbukumbu muhimu iwe mahali patatu. Kwanza, ndani ya kompyuta. Pili, kwenye flashi, unayoichomoa na kuifungia sandukuni kila Jumamosi. Ikibaki imechomekwa, radi itaondoka na vyote viwili. Tatu, nje ya nyumba yako: flashi ya pili kwa ndugu unayemwamini, au faili ulilojitumia kwa barua pepe. Madeni ya duka yaendelee kuandikwa kwenye daftari, mteja atie sahihi, ndipo uingize kwenye mashine jioni. Wino na sahihi havizimwi na radi.

Wingu likitanda, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Kasha liweke juu ya meza, mbali na jiko, matundu yake yasizibwe na kitambaa likiwa linawaka. Kila baada ya miezi mitatu lichomoe, lifungue, lisafishe kwa brashi laini na kavu. Utakuta sisimizi na hata mijusi, maana wao pia wanapenda mahali pa joto.

Jedwali la mikopo ya duka na la mashamba ninayotumia ninayo, na sitoi kwa fedha. Njoo ofisini siku ya mnada na flashi yako, nitakunakilia na kukuonyesha kwa nusu saa. Njoo na flashi mbili. Ukija na moja nitakuuliza mbegu yako iko wapi.

Nawatakia palizi njema.

Afisa Ugani wenu, Namasakata